Mfungwa akitoka, nani humfikia kwanza?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nimjibu ndugu aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba mtu akishaonja jela ameharibika moja kwa moja, na kwamba kumsaidia anapotoka ni kutwanga maji kwenye kinu. Sisemi kwamba hana haki ya kukasirika, kwa kuwa ameandika kama mtu aliyewahi kuporwa, na aliyeporwa hachaguliwi maneno. Hata hivyo nadhani amekosea pale ambapo hoja yake yote imesimama. Anaamini kwamba uamuzi wa kurudi kwenye uporaji mtu hutoka nao gerezani, umekwisha kukomaa moyoni, ilhali kwa niliyoyaona mimi uamuzi huo hufanyika katika siku chache za mwanzo nje ya lango, na hutegemea sana ni nani aliyemfikia mtu huyo kwanza.

Mimi ni seremala. Miaka kadhaa iliyopita alinijia karakanani kijana niliyemfahamu tangu utotoni, aliyekuwa amemaliza kifungo cha miaka minne kwa kosa la unyang'anyi. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye nguo alizokamatwa nazo, kitambulisho kilichokwisha muda wake, na bahasha ya kaki aliyoishika kwa uangalifu kuliko vyote. Ndani ya bahasha hiyo mlikuwa na cheti cha useremala. Nilimpa kiti kilichovunjika mguu nimwone mkono wake, naye akachonga kiungo kipya na kukipachika bila msumari hata mmoja, kikakaa kimya kana kwamba hakijawahi kuvunjika. Kazi aliijua. Tatizo ni kwamba juu ya cheti, kwa herufi kubwa kuliko za jina lake, liliandikwa jina la gereza alilojifunzia, kiasi kwamba kila alipokitoa kuthibitisha kuwa ni fundi alikuwa pia anatoa sababu ya kukataliwa. Alikwisha kukionyesha sehemu nne kabla ya kufika kwangu.

Alikuwa ameachiwa siku ya Ijumaa, alasiri, na naomba wasomaji wasiipite siku hiyo haraka. Kitambulisho hakiwezi kushughulikiwa hadi Jumatatu kwa sababu ofisi zimekwisha kufungwa, na bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti benki wala kuaminiwa chumba cha kupanga. Kwa dada yake alipokewa kwa machozi, lakini shemeji yake, ambaye simlaumu kwa kuwa ana mabinti wawili, akasema mlangoni kwamba mgeni asilale. Marafiki wa kijiweni hawana saa za ofisi. Kufikia Jumamosi asubuhi walikuwa wamekwisha kumpa simu, viatu na godoro, na hakuna aliyemwomba chochote. "Karibu nyumbani, ndugu yetu," ndilo neno pekee waliloongeza.

Watu wengi wanapomsikia mtu amerudi kwenye genge hudhani alikwenda kugonga mlango wao, na hawaioni zawadi kama hiyo kwa kile ilicho, yaani deni ambalo halina hati wala tarehe. Kulipwa kwake huanza na maombi madogo yanayoona haya hata kuitwa uhalifu: tushikie pikipiki hii dakika 10, simama pale kona utuambie nani anakuja, tutunzie mkoba huu hadi jioni. Ombi la tatu au la nne huja na mgawo wake, na akishapokea mgawo tayari kuna watu wanaoweza kumchongea akikataa la tano. Kuna pia madeni yanayotoka ndani ya kuta zenyewe, kwa maana yule aliyekulinda usipigwe gerezani ana ndugu zake huku nje, nao wanakumbuka. Haya nilielezwa na kijana mwenyewe, tukiwa tunapiga msasa, bila yeye kuinua macho.

Pamoja na hayo yote alikuja kwangu, na alifanya kazi wiki tano. Katika wiki ya tano ikapotea mashine ya kutobolea mbao, mali ya mteja. Hakuna aliyemtuhumu kwa maneno. Mafundi wenzake waliacha tu kuzungumza alipoingia, na mimi, ambaye nilijiona mtu mwema kwa kumpokea, nilijikuta nikiutazama mfuko wake alipokuwa akiaga jioni. Aliniona nikiutazama. Mashine ilipatikana siku iliyofuata chini ya magunia ya pumba za mbao, mahali nilipoiweka mimi mwenyewe, lakini siku hiyo hakuja, wala zilizofuata. Baada ya miezi mitatu alikamatwa akiwa amekaa nyuma ya pikipiki, mkononi ana mkoba aliomkwapulia mama mmoja kando ya barabara. Mama yule aliburutwa kabla mkanda wa mkoba haujakatika, akavunjika mkono. Sitaki barua hii isomwe kana kwamba nimemsahau, au kana kwamba kijana hakuwa na hiari. Alikuwa nayo, na amehukumiwa kwa haki. Ninalosema ni kwamba, katika kipindi ambacho hiari ile ilikuwa bado changa, genge lilimtembelea kila siku, na sisi wengine tulimpa wiki tano na jicho la shaka.

Ndugu yetu alitaja Marekani kama ushahidi kwamba wafungwa hawabadiliki. Ni kweli kwamba Idara ya Takwimu za Haki ya nchi hiyo iliwafuatilia watu zaidi ya 400,000 walioachiwa mwaka 2005 katika majimbo 30, ikakuta asilimia 68 walikamatwa tena ndani ya miaka 3 na asilimia 83 ndani ya miaka 9. Ni takwimu za kutisha, ingawa kukamatwa si kupatikana na hatia, na mtu mwenye rekodi hukamatwa kwa urahisi kuliko asiye nayo. Lakini takwimu hizohizo zikisomwa mwaka hadi mwaka zinasema jambo ambalo yeye hakulitaja: katika mwaka wa kwanza walikamatwa asilimia 44 ya walioachiwa, na katika mwaka wa 9 asilimia 24. Kama gereza lingekuwa limewaharibu watu moja kwa moja, nisingetegemea hatari ijazane mwanzoni namna hiyo. Utafiti mwingine, uliofanywa katika jimbo la Washington na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba katika wiki 2 za kwanza baada ya kutoka, hatari ya kufa kwa watu hao ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya wakazi wengine, chanzo kikubwa kikiwa dawa za kulevya. Siku zilezile ambazo sisi huziita za uhuru ndizo zinazowamaliza.

Kuhusu ajira, mwanasosholojia Devah Pager aliwatuma vijana katika mji wa Milwaukee kuomba kazi wakiwa na sifa zinazolingana, tofauti ikiwa ni kwamba baadhi walijieleza kuwa wamewahi kufungwa. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 2003, Wazungu wasio na rekodi waliitwa na waajiri kwa asilimia 34, wenye rekodi asilimia 17. Kwa vijana Weusi ilikuwa asilimia 14 kwa wasio na rekodi na 5 kwa wenye nayo. Wale hawakuwa wafungwa wa kweli, walikuwa wanaigiza tu, na hakuna mwajiri aliyewajua kwa tabia. Neno moja kwenye fomu lilitosha. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka bahasha ya kaki.

Kinachonikera ni kwamba dawa ya sehemu kubwa ya mambo haya haihitaji kubuniwa. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu matunzo ya wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema wazi katika kanuni ya 90 kwamba wajibu wa jamii hauishi mfungwa anapoachiwa, na katika kanuni ya 108 kwamba anayetoka apatiwe hati na vitambulisho vyake, asaidiwe kupata makazi na kazi, awe na nguo zinazofaa, na uwezo wa kufika anakokwenda na kujikimu katika siku za mwanzo. Kanuni ya 103 inataka sehemu ya ujira wa kazi aliyoifanya gerezani iwekwe akiba apewe siku ya kutoka, na ya 104 inataka elimu ya wafungwa iungane na mfumo wa elimu wa nchi, kadiri inavyowezekana, ili aendelee bila tabu akishatoka. Kwa lugha ya karakanani, cheti kitolewe na mamlaka ileile inayowapa vyeti mafundi wengine wote, na jina la gereza lisionekane popote. Kanuni hizi hazina nguvu ya sheria ya kumshitaki anayezipuuza, nami sishangai kwamba hupuuzwa, lakini gharama ya kubadilisha maandishi ya juu ya cheti ni wino tu.

Hata Ijumaa ina tiba. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2023 inayoruhusu mfungwa ambaye siku yake ya kutoka inaangukia Ijumaa au mkesha wa sikukuu aachiwe hadi siku 2 za kazi mapema, ili azikute ofisi zikiwa wazi. Hawaii nayo tangu mwaka 1998 inamtaka mwajiri amwahidi kwanza mwombaji kazi ndipo amuulize habari za hukumu za nyuma, na akitaka kuiondoa ahadi aonyeshe kwamba kosa lile lina uhusiano na kazi yenyewe. Simwambii mwenye duka la fedha ampe ufunguo mtu aliyetoka jana kwa wizi wa fedha. Ila sijapata kuelewa kwa nini aliyefungwa kwa kupigana miaka mingi iliyopita asipewe randa, au ufagio.

Wako watakaosema kwamba raia wasio na kosa nao hawana kazi, kwa nini aliyekosa atangulizwe. Nimeulizwa swali hilo na fundi wangu mwenyewe, ambaye mdogo wake anatafuta kazi, na sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimwambia tu kwamba mdogo wake akikosa kazi leo analala kwao, na kesho hakuna atakayemletea viatu na godoro kwa hesabu ya kulipwa baadaye. Alinyamaza, ingawa sidhani kwamba alikubali.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana kama mfungwa anabadilika au habadiliki, ningependa wahusika wa magereza na ustawi wa jamii watujibu kupitia gazeti lako maswali matatu. Je, kitambulisho kinaweza kuhuishwa mfungwa akiwa bado ndani, miezi miwili au mitatu kabla ya tarehe yake? Je, ndugu zake hufuatwa mapema kuulizwa atalala wapi, au huachwa waamue mlangoni kama shemeji yule? Na je, yupo mtu yeyote mwenye jina na namba ya simu ambaye kazi yake ni kumtembelea katika wiki 2 zile za kwanza?

Kijana wangu yuko ndani tena. Nilikwenda kumwona mara mbili. Mara ya kwanza hatukuwa na la kusema, mara ya pili nilimwomba radhi kwa habari ya mfuko, akacheka kidogo, akaniuliza kama bado tunatumia ile randa yenye mpini uliopasuka. Cheti chake alikiacha kwangu, kimo kwenye droo ya meza ya karakana pamoja na tepu za kupimia. Tarehe aliyopangiwa kutoka nimeitafuta kwenye kalenda, inaangukia Ijumaa, nami nimekwisha kuwaambia mafundi kwamba siku hiyo tutafunga kabla ya adhuhuri.

Wako mtiifu,
Seremala, msomaji wako wa siku nyingi
(Jina na anwani vimehifadhiwa)