Barua ya wazi kwa dada yangu: mchango wa kumuaga Mwalimu uende kwenye chumba cha muziki

Dada yangu mpendwa,

Salamu kutoka Dodoma, ambako upepo wa kiangazi umekwisha kuanza na sote tu wazima. Nimelisoma pendekezo lako kwa wenzetu kwamba, kwa kuwa Mwalimu aliyetufundisha katika bendi ya shule anastaafu, tuchange fedha za sherehe kubwa ya ukumbini na kumkabidhi ngao yenye jina lake. Nakuheshimu, na ndiyo sababu nakuandikia waziwazi ili na wenzetu wasome: naomba sherehe iwe ndogo, na sehemu kubwa ya mchango iende kwenye chumba cha muziki cha shule.

Shule nyingi za sekondari nchini hazifundishi somo la muziki, na pale ambapo muziki upo, mara nyingi ni kwaya. Mwalimu alianzisha bendi ya roki, yenye magitaa ya umeme, besi na dramu, katika shule ambayo hata maabara ilikuwa na upungufu. Wazazi waliposema kwamba roki ni muziki wa wahuni, aliwaeleza kwa upole kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na kwamba alianza kupiga piano katika bendi ya wanafunzi, The Hectics, akiwa shule ya bweni huko Panchgani, India. Aliwakumbusha pia marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa Dodoma, ambaye ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, na zeze la Kigogo vilimfikisha mbali hata mwaka 2002 akatoa albamu pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Wengi waliridhika. Wachache waliendelea kununa, naye hakugombana nao.

Wewe mwenyewe ni shahidi. Wavulana walipong'ang'ania kwamba dramu ni yao, Mwalimu aliwauliza ni nani wapigao muheme kwao Chamwino na Bahi, na kila aliyelelewa katika nyumba ya Kigogo alijua kwamba ni akina mama, ngoma ikiwa imebanwa katikati ya mapaja. Hapo ndipo alipokukabidhi vijiti. Alikufundisha mdundo wa roki kwanza kwa viganja juu ya dawati, hesabu ya nne, pigo zito likiangukia kwenye mbili na nne, na hakukuruhusu kuigusa dramu mpaka mkono wako ulipoacha kukimbilia mbele ya hesabu. Sijamwona mwalimu mwingine mwenye subira ya namna ile.

Tena kumbuka mwaka 2011, ukame ulipopunguza maji katika mabwawa, Mtera likiwamo, na nchi ikaingia katika mgao mkali wa umeme. Tulidhani mazoezi yamekwisha. Yeye alifunga madirisha ili kuzuia kelele za upepo, akatuamuru tupige magitaa yale yale ya umeme bila amplifaya. Gitaa la namna hiyo husikika kwa shida hata kwa aliyekaa karibu, kwa hiyo ilikubidi wewe upige kwa ncha za vidole, mwimbaji naye aimbe kama anayezungumza, na kila mmoja wetu amtegee sikio mwenzake ili asipotee. Umeme uliporudi tuliongeza sauti, lakini tabia ya kusikilizana ilibaki, na mimi naamini kwamba hapo ndipo tulipokuwa bendi.

Kilichoifanya kazi yake idumu ni kwamba hakutaka chochote kimtegemee yeye peke yake. Wa Kidato cha Tatu waliwafundisha wa Kidato cha Kwanza, na hakuna aliyeruhusiwa kupanda jukwaani kabla hajajua kuunga kwa risasi ya kulehemu waya wa gitaa uliokatika. Kila kiangazi kulikuwa na zamu ya kulinda gitaa la mbao lisipasuke kwa ukavu wa hewa ya huku kwetu: kisanduku cha sabuni kilichotobolewa matundu, ndani yake sponji lenye unyevu, kikawekwa pamoja na gitaa ndani ya mkoba wake. Nilipokwenda kumsalimu hivi karibuni nilikikuta kisanduku mkononi mwa msichana wa Kidato cha Pili, akimwelekeza mwenzake namna ya kulikamua sponji lisidondoshe maji.

Siku hiyo hiyo nilimkuta Mwalimu akichemsha nyuzi za besi kwenye sufuria ili kuondoa mafuta na uchafu, kwa sababu nyuzi mpya ni ghali na zilizopo zimekuwa zikichemshwa mara kwa mara. Ngozi ya dramu ndogo imebandikwa utepe. Kijana atakayempokea ni mwalimu wa hisabati, anapiga kinanda vizuri na ana moyo, ila gitaa hajalizoea.

Kwa hiyo napendekeza tununue nyuzi za besi na za magitaa, ngozi mpya za dramu na waya, na kinachobaki kimlipie kijana huyo nauli na ada ya mafunzo mafupi katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo wakati wa likizo. Mwalimu mwenyewe tumwandalie chakula shuleni, wanafunzi wampigie. Mweka hazina wetu ameniambia kwamba hatalipia ukumbi kabla hujajibu, basi naomba jibu lako lifike kabla ya kikao cha Jumamosi.

Mdogo wako,
Dodoma