Kabla hamjavaa joho: barua kwa vijana wanaosoma sheria

Wanangu,

Nasikia mnaliita somo la sosholojia ya sheria somo la kujazia maksi. Siwalaumu, nami nilisema hivyo hivyo nilipokuwa na umri wenu. Baadaye nikashinda kesi ya shamba la ukoo, hukumu safi kabisa, na mteja wangu hakulilima hata msimu mmoja. Majirani walimnyima njia, ndugu wakamsusia. Nilibaki na nakala ya hukumu.

Ningekuwa nimemsoma Sally Falk Moore mapema, nisingeshangaa. Mmarekani huyu alipata digrii ya sheria Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1945, akafanya kazi kwa mawakili wa New York, kisha akaenda Nuremberg, Ujerumani, kwenye kesi za Wanazi. Mwenye wasifu huo angetajirika tu. Yeye akarudi darasani kusoma anthropolojia, akapata udaktari 1957, na baadaye akafundisha Harvard, kitivo cha sheria kikiwemo.

Mwaka 1968 alianza utafiti Kilimanjaro. Serikali ilikwisha kufuta umilikaji binafsi wa ardhi tangu 1963, na ukiisoma sheria ile utadhani kila kitu kimegeuka. Moore akaingia migombani, akakuta kihamba, yaani shamba la migomba la Wachagga, bado kinarithishwa ndani ya ukoo, na jirani na ndugu bado ndio wanaojua mpaka wa nani uko wapi.

Hakusema watu ni wakaidi. Katika makala yake ya 1973 aliwaweka Wachagga sambamba na watengeneza magauni wa New York, ambako zawadi na fadhila kati ya wenye viwanda na maofisa wa chama cha wafanyakazi ziliendesha kazi kuliko mkataba ulioandikwa. Kila kundi la namna hiyo, alieleza, lina kanuni zake na namna yake ya kuwabana watu wake. Sheria ya dola ikifika inamkuta mwenyeji, yaani kanuni hizo. Hapo ndipo ninapompendea: hakusema Wachagga wana mila tu na wazungu ndio wenye sheria.

Basi likizo hii kaeni benchi la nyuma la mahakama ya mwanzo, wiki nzima. Hukumu ikishasomwa msitoke na hakimu. Wafuateni wadaawa hadi shambani, muulize nani aliotesha sale, ule mmea wa kuonyesha mpaka, na nani alikuwepo siku hiyo. Kisha mniandikie.

Mzee wenu,
wakili mstaafu