Barua kwa Mwanangu: Fimbo ya Katikkiro

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi hatujambo, na bibi yako anaendelea kupata nafuu ya miguu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniambia kwamba wenzako wa bwenini walikuonyesha picha za mwaka 2013, siku Katikkiro, yaani waziri mkuu, wa ufalme wa Buganda huko Uganda, Charles Peter Mayiga, alipopokea fimbo yake ya kazi, na kwamba ulipoelezwa jinsi mwanasheria mzima anavyopaswa kuharakisha na fimbo hiyo njiani kama anayekimbizwa, uliangua kicheko mbele yao. Kicheko hicho kimenikosesha raha, kwa sababu mimi ndiye niliyepaswa kukusimulia habari hizi kabla hujavuka ziwa kwenda chuoni Makerere.

Fimbo ile ina jina lake, Ddamula. Kabaka, mfalme wa Buganda, humkabidhi Katikkiro kwa mkono wake mwenyewe, na mwenye kuishika ndiye mkuu wa mawaziri wa Mengo, makao ya serikali ya ufalme huo, na mwenye kauli baada ya mfalme. Akishaipokea langoni mwa Lubiri, yaani makao ya Kabaka, anapaswa kuifikisha salama Butikkiro, nyumba anayopewa kwa cheo chake, na mila inasema kwamba atakayefanikiwa kumpokonya njiani ndiye atakayekuwa Katikkiro badala yake. Ndiyo maana anaharakisha, na ndiyo maana watu wake humzingira. Siku utumishi wake unapokwisha, fimbo hurudi kwa Kabaka.

Unakumbuka zile funguo za ghala nilizokuwa nikija nazo nyumbani nilipokuwa karani bandarini? Zilikuwa nne, zimefungwa kwa kamba ya katani iliyokwisha kuwa nyeusi kwa jasho, nami nilikuwa nikizivaa kiunoni chini ya shati na kuziweka chini ya mto usiku. Mama yako alikuwa akinicheka kwamba nalala kama mlinzi. Hakuna hata gunia moja la pamba mle ghalani lililokuwa langu, lakini lau lingepotea, jina ambalo lingeulizwa asubuhi ni langu. Kila nikisoma habari za Ddamula huzikumbuka funguo zile, na moyo wangu humwelewa mtu yule anayekaza mwendo kuelekea Butikkiro.

Jambo ambalo huenda hukuambiwa ni kwamba Katikkiro si mwana wa mfalme. Hutoka miongoni mwa watu wa kawaida, wale ambao Waganda huwaita bakopi, na kiti cha Kabaka hawezi kukirithi. Wanamwita pia Kamalabyonna, na wewe mwenye Kiswahili utalisikia humo neno letu la kumaliza: ndiye amalizaye mambo yote. Kwetu Usukuma mtemi alikuwa na banang'oma, wazee waliomchagua na kumsimika, hadi serikali ilipoufuta utawala wa watemi mwaka 1963. Ila banang'oma walikuwa baraza zima la wazee, na lawama ikigawanywa kwa wengi huwa nyepesi. Kule Buganda mzigo uliwekwa juu ya kichwa cha mtu mmoja.

Habari hii inatugusa hata sisi wa upande huu wa maji. Ulipokuwa darasa la sita nilikupeleka Bukumbi, ukala maembe hadi ukaumwa tumbo, na sikukueleza kwamba Kabaka Mwanga alipata hifadhi hapo. Alipinduliwa Septemba 1888, akavuka ziwa kwa mtumbwi hadi Magu, ambako alikaa kwa wafanyabiashara Waarabu, kisha mapadri wa Bukumbi wakampokea. Huko nyuma Buganda, Wakristo waliopigania kumrudisha waliongozwa na Honorat Nyonyintono. Nyonyintono alipouawa vitani mwaka 1889, nafasi yake ilishikwa na Apolo Kaggwa, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekulia ndani ya kasri kama mtumishi, na ambaye miaka mitatu kabla ya hapo Mwanga huyohuyo alimcharaza vibaya kwa sababu ya dini yake na karibu amuue. Mwanga aliporudi kwenye kiti mwaka huohuo, Katikkiro wake akawa ni Kaggwa, yule aliyecharazwa naye. Nimefikiri mara nyingi kuhusu asubuhi ya kwanza waliyokaa pamoja barazani.

Kaggwa alikaa katika cheo hicho hadi mwaka 1926. Mwanga alipoasi dhidi ya Waingereza mwaka 1897 na kuondolewa, kiti kilipewa Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, na Kaggwa pamoja na Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri wakawa wasimamizi wa ufalme mpaka mtoto alipofikia umri wa kutawala mwaka 1914. Mwaka 1902 Kaggwa alisafiri hadi London kwa kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, akifuatana na katibu wake Ham Mukasa. Sitakuficha kwamba Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900, ambao yeye alikuwa miongoni mwa wakuu walioutia saini, uliwapa machifu ardhi kubwa huku watu wengi wakijikuta wapangaji katika mashamba ya babu zao. Mimi siwezi kumtetea kwa hilo. Hata hivyo, kilichomwondoa madarakani ni ugomvi ulioanzia kwenye vibali vya pombe: ofisa wa Kiingereza alitaka kuwaamuru machifu wa Buganda moja kwa moja bila kupitia kwa Katikkiro, naye Kaggwa akakataa kurukwa. Alijiuzulu, akafariki Nairobi mwaka uliofuata.

Sasa nikuambie habari za mtu ambaye jina lake unalipita kila siku, kwa kuwa limeandikwa kwenye bweni mojawapo la chuo chenu. Martin Luther Nsibirwa alikuwa Katikkiro tangu mwaka 1929. Mwaka 1941 alilazimika kuondoka, kwa sababu alikubali Namasole, mama yake Kabaka, aolewe tena, na aolewe na mtu asiye wa ukoo wa kifalme, jambo lililoonekana na wengi kuwa ni kuvunja mila. Julai 1945 akarudishwa katika cheo, wakati watu wakiwa na hasira nyingi, hasa juu ya ardhi. Serikali ilitaka sheria itakayoiwezesha kutwaa ardhi kwa mambo ya umma, na hitaji lililotajwa lilikuwa kupanua Makerere. Waganda waliokumbuka yaliyofuata mwaka 1900 waliogopa kwamba ardhi ikianza kutoka haitarudi, na hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Nsibirwa aliipitisha sheria hiyo katika Lukiiko, baraza la Mengo. Siku iliyofuata, tarehe 5 Septemba 1945, asubuhi akienda kusali, alipigwa risasi mbele ya Kanisa Kuu la Namirembe akafa.

Kabaka hatukanwi wala halaumiwi hadharani, mwanangu, kwa hiyo hasira ya watu huishia kwa anayeshika fimbo. Ndiyo sababu inayonifanya niione ile mbio ya kwenda Butikkiro kuwa na maana kuliko hotuba zote za siku hiyo. Watu wanamwona kwa macho yao akiwa katika hatari ya kupokonywa, naye anaionja hatari hiyo mwilini kabla hajakaa kwenye kiti cha ofisini.

Yaliyofuata unayasikia darasani: jeshi liliivamia Lubiri Mei 1966, falme zikafutwa mwaka 1967, na ufalme wa Buganda ukarejeshwa mwaka 1993. Katikkiro wa leo hakusanyi kodi wala hana jeshi. Lakini makaburi ya wafalme pale Kasubi yalipoungua Machi 2010, na Mayiga alipoingia katika cheo na kuzunguka vijijini akiwaomba watu mchango wa kuyajenga upya, walitoa, kila mmoja kwa kadiri yake, na mchango huo wakauita ettoffaali. Ni tofali, neno letu wenyewe lililovuka ziwa.

Waombe radhi wenzako kwa kile kicheko. Waambie baba yako amekutuma. Na Jumapili yoyote utakayopata nafasi, panda Namirembe mapema kabla ya ibada, usimame pale nje ya kanisa, kisha uniandikie ukiwa pale unaona nini upande wa Makerere, na kama kutoka mlangoni majengo ya chuo chenu yanaonekana.

Mama yako anauliza kama dagaa aliowafunga kwenye gazeti walifika wakavu.

Wako akupendaye,
Baba