Kabla hela ya korosho haijalipa ada ya "kozi ya usafi wa meno"

Ndugu Mhariri,

Minada ya korosho ikishashika kasi, kuanzia Oktoba na kuendelea, hela inaingia kwa wakulima wa Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa na Nachingwea, na hapo ndipo matangazo ya vyuo nayo yanapochachamaa. Moja ambalo sisi wa fani ya kinywa na meno hatuwezi kulinyamazia ni la "kozi ya usafi wa meno": miezi mitatu au sita, cheti mkononi, ajira nje nje. Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuwaambie wazazi wa Mtwara na Lindi kwamba cheti cha namna hiyo hakimpi mtoto wao ruhusa ya kutia chuma kwenye mdomo wa mtu, na tueleze kwa nini.

Kazi yenyewe vijana wengi wanaisoma kwenye simu, na wanayoisoma ni ya Marekani. Huko yupo haijinisti wa meno, mtaalamu anayesafisha meno, kupima fizi, kupaka floraidi na kufundisha wagonjwa, na ana leseni yake mbali na ya daktari. Fani hiyo ilianzia Bridgeport, Connecticut. Mwaka 1906 Daktari Alfred Fones alianza kumfundisha msaidizi wake Irene Newman, mwaka 1913 akafungua shule, na mwaka 1917 Newman akapata leseni ya kwanza ya kazi hiyo. Leo anayetaka leseni hiyo anasoma chuo kilichoidhinishwa, anafanya mtihani wa taifa wenye maswali 350, kisha mtihani wa vitendo, ndipo anaomba leseni kwa jimbo analotaka kufanyia kazi. Ile "miaka miwili tu" inayosambazwa mitandaoni haihesabu masomo ya kemia, mikrobiolojia na anatomia ambayo vyuo vingi vya huko hudai yawe yamemalizwa kwanza. Kwa hiyo anayeuza cheti cha miezi sita kwa ahadi ya "ukitoka hapa unaenda nje" anauza hewa.

Hapa kwetu kazi hiyo imo ndani ya kazi ya tabibu wa kinywa na meno. Kozi yake kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, imeandikwa kwa Kiingereza, Clinical Dentistry, na ni miaka mitatu: ngazi ya 4, ya 5, na ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Kuingia kunahitaji ufaulu wa angalau alama D nne za kidato cha nne katika masomo yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Fizikia ndiyo inayowaangusha wengi, maana mtoto aliyeacha Fizikia kidato cha tatu ameshajifungia mlango bila kujua, na mara nyingi hakuna aliyemwambia.

Hapa pana mtego mwingine. Hesabu na Kiingereza hazimzuii mtu kuingia stashahada, kwa hiyo wengi hawazijali. Lakini tabibu akitaka baadaye kusomea shahada ya udaktari wa meno, ataulizwa GPA, yaani wastani wa alama zake za stashahada, isiyopungua 3.0 na pia D za kidato cha nne katika Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hesabu na Kiingereza. Mtu ana miaka kumi kazini, mikono yake inasifiwa wilaya nzima, halafu anakwamishwa na F ya Hesabu aliyoipata akiwa na miaka kumi na saba.

Mwongozo huo hutolewa kila mwaka na unaonyesha jina la chuo, kozi, muda, idadi ya nafasi na ada. Mzazi asitosheke kuona jina la chuo limo. Aangalie kama kozi hii imeandikwa chini ya chuo hicho. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali wa kufundisha uuguzi au famasia na kisiwe na ithibati ya kufundisha meno. Aliyemaliza kozi isiyo na ithibati hana pa kupeleka cheti chake.

Sasa, kwa nini miaka mitatu kwa kitu ambacho wengi wanakiita "kukwangua meno"?

Chukulia ugaga. Utando laini unaobaki kwenye jino usipopigwa mswaki huanza kugeuka jiwe, na kwa wastani ndani ya siku kumi hadi kumi na mbili umeshakuwa ugaga ambao mswaki hauung'oi tena. Hujijenga zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini na kwenye magego ya juu upande wa shavuni, kwa sababu hapo ndipo mifereji ya mate inapomwaga, na mate ndiyo yanayoleta madini. Mwanafunzi anayejua hilo anajua pa kuanza kutafuta.

Kabla ya kukwangua anapima. Probu, kijiti chembamba cha kupimia fizi, ina kitufe cha nusu milimita kwenye ncha na mkanda mweusi unaoanzia milimita 3.5 hadi 5.5. Inashushwa kati ya jino na ufizi kwa nguvu ndogo mno, kama gramu 20 hadi 25, sehemu sita kwa kila jino. Mwenye meno 32 ana vipimo 192. Ufizi wenye afya husoma milimita 1 hadi 3. Mkanda mweusi ukizama wote, hapo pana mfuko, yaani shimo ambapo ufizi umeachana na jino, na kazi imeshabadilika: si usafi tena, ni tiba. Mwanafunzi mgeni huwa anakandamiza sana, probu inatoboa tishu na kusoma 5 palipo na 3. Au anaogopa, probu inakwama juu ya ugaga, anaandika 2 palipo na 6.

Kisha skela, chuma chenye makali cha kukwangulia ugaga. Hushikwa kama kalamu, kidole cha pete kikiegemea jino la jirani, maana mkono usio na egemeo ukiteleza unaishia kwenye ulimi au shavu. Makali yake yalalie jino kwa pembe ya nyuzi 60 hadi 80. Ikishuka chini ya 45, chuma kinapita juu ya ugaga na kuulainisha badala ya kuung'oa. Ikizidi 90, kinachokatwa ni ufizi. Skela butu nayo hufanya kosa hilohilo la kulainisha: ugaga unang'aa, unakuwa laini kama kokoto ya ufukweni, mgonjwa anapitisha ulimi na kufurahi, na anayefuata kuutafuta hausikii kwa probu wala hauoni. Ndiyo maana kunoa skela kwa jiwe ni somo, si kazi ya kumwachia mhudumu.

Mashine ya kuondoa ugaga kwa mtikisiko nayo watu wanaidhania rahisi. Ncha yake hutikisika kama mara 25,000 au zaidi kwa sekunde, hivyo huzaa joto. Maji yakipungua, au ncha ikisimamishwa mahali pamoja, joto linaingia kwenye kiini cha jino. Ncha ielekezwe kwa ubavu wake na isitulie. Anayeichomeka kama anapiga msumari anaacha mikwaruzo ambayo utando utaikalia upya.

Na hatari kubwa ya aliyefundishwa nusu ni kusafisha juu tu. Ugaga wa juu ukiondoka, ufizi unabana pale mdomoni mwa mfuko huku uchafu wa chini umebaki. Usaha hauna pa kutokea, na baada ya siku chache mgonjwa anarudi na jipu. Lawama inaangukia kazi nzima: "kusafisha meno kunaharibu." Vivyo hivyo ile imani ya mtaani kwamba kukwanguliwa kunalegeza meno. Jino lililolegea baada ya usafi mara nyingi lilishapoteza mfupa wake zamani. Ugaga ulikuwa umelishikiza na majirani zake kama saruji. Aliyefunzwa humweleza mgonjwa hilo kabla ya kuanza, pamoja na kwamba maji baridi yatauma kwa siku kadhaa. Akisema baada ya kazi, inasikika kama kujitetea.

Kuna pia kumsoma mgonjwa. Shinikizo la damu likiwa 180 kwa 110 au zaidi, usafi usio wa dharura unasubiri. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, mwenye kisukari, mwenye vali bandia ya moyo, kila mmoja ana utaratibu wake; huyu wa vali hupewa antibiotiki kati ya nusu saa na saa moja kabla ya fizi kuguswa. Na huku kwetu liongezwe la mtoto aliyepasua korosho mbichi kwa meno: mafuta ya ganda lake huunguza midomo na fizi vibaya, na asiyejua atadhani ni ugonjwa wa fizi na kuanza kukwangua kidonda.

Halafu vifaa. Kuchemsha sufuriani hakutoshi, kwa sababu mbegu za baadhi ya bakteria hustahimili nyuzi 100. Otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo, hufanya kazi kwa nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20, au nyuzi 134 kwa dakika 3 hadi 4, zikihesabiwa tangu joto lifike, si tangu swichi iwashwe. Umeme ukikatika dakika ya kumi, na wakazi wa Mtwara na Lindi hatuhitaji kuelezwa maana ya umeme kukatika, hesabu inaanza upya. Haziongezwi dakika tano zilizobaki. Damu iliyokauka kwenye skela nayo huzuia mvuke, kwa hiyo vifaa vinasuguliwa kwanza kwa brashi na sabuni, mtu akiwa na glovu nene. Mwanafunzi mwenyewe awe amechanjwa homa ya ini aina ya B: dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu baada ya miezi sita tangu ya kwanza. Kwa maneno mengine, chanjo peke yake inamaliza muda wote wa hiyo kozi ya miezi sita.

Akihitimu, bado. Usajili na leseni viko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Kusajiliwa ni kuingizwa kwenye daftari. Leseni ndiyo inayomruhusu kufanya kazi, nayo huhuishwa, na Baraza huangalia kama mtu anaendelea kujisomea. Cheti cha chuo kilichotundikwa ukutani hakichukui nafasi yake. Mgonjwa ana haki ya kuuliza leseni, na mwenye leseni huwa hanuni akiulizwa.

Tatizo kubwa la mikoa yetu tunaona ni kalenda. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, dirisha la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, masomo huanza Septemba au Oktoba, na hela ya korosho inafika milango ikiwa imeshafungwa. Anayekuja na fomu Novemba anajua fika kwamba mzazi ana hela na hana chuo. Basi hela ya mavuno haya ihesabiwe kuwa ya mwaka ujao. Mtoto mwenye F ya Fizikia ajiandikishe mwanzoni mwa mwaka kama mtahiniwa wa kujitegemea, arudie mtihani Novemba, na Hesabu airudie palepale. Mwenye alama zake aombe dirisha likifunguliwa. Ada ilipwe benki kwa namba ya malipo iliyotolewa na chuo, si kwa namba ya simu ya mtu, na risiti isiachwe nyumbani, kwani dirishani siku ya usajili ndiyo ya kwanza kuulizwa.

Wataalamu wa kinywa na meno,
Masasi, Mtwara