Mwanangu, Krismasi nenda Marangu

Pasua, Moshi
Novemba 16

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku hatujambo, ila mbuzi wa jirani amemaliza miche yangu yote ya pilipili na mwenyewe anasema alimwona amelala. Barua hii nampa mama wa mwenzako anayekuja kuwatembelea, maana simu hapo shuleni haziruhusiwi na mimi sitaki maneno na walimu wako.

Mwisho kabisa wa barua yako uliandika, kwa maandishi madogo: "Mama, Krismasi hii tunaenda kwa nani?" Huo mstari nimeusoma mara nyingi kuliko barua nzima.

Krismasi nenda Marangu.

Mwaka jana nilikukosea. Ndoa yangu na Anko ilikuwa na miezi minne, na mimi nilikuwa na haraka ya kuwaonyesha watu kwamba tumekuwa nyumba moja. Nikanunua kitenge, fundi akatushonea wote watano sare, tukapanda Usangi, Upareni, kwa kina Anko. Sikukuuliza. Wewe nawe hukusema kitu, ukavaa shati, ukaingia kwenye gari. Mchana, baada ya ibada, nikakuona umekaa nje juu ya jiwe, sahani magotini, wali umepoa umeshikana. Nikadhani umenuna. Anko ndiye aliyeniambia taratibu, "Huyu mtoto yuko kwenye kaburi la baba yake. Hapa tumeshika shati tu."

Jioni bibi akapiga simu kutoka Marangu. Hakugomba, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Alisema tu kwamba mbuzi alichinjwa, nyama ikagawiwa kama siku zote, kila kipande na mwenyewe, na cha baba yako kilipotajwa hakukuwa na mkono wa kukipokea. Wewe ndiye mtoto wake wa kiume wa pekee. Watu wanatoka Dar na Mwanza, wanasimama kwenye mabasi usiku na mchana ili tarehe 25 wawe kihambani, kwenye shamba la ukoo, na wewe uliyekuwa umbali wa daladala mbili nilikupeleka upande mwingine.

Nikuambie na la kwangu, maana sasa umekua. Niliogopa Marangu. Mjane aliyeolewa tena akikanyaga kihamba cha marehemu, hata salamu zinakuwa na miiba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mjane yuko huru kuishi anapotaka na kuolewa na mwanamume anayemtaka. Naijua, nilisomewa. Lakini sheria haipandi daladala kwenda kumweleza baba yako mkubwa. Basi woga wangu nikauvika jina la "familia moja", nikakuvisha na wewe.

Humu ndani ya bahasha kuna jani la isale. Litakuwa limenyauka, usilitupe. Nimelikata uani, kwenye lile shina tulilopanda pamoja. Unajua kwetu anayeletewa isale hakatai kusamehe. Mkubwa kumpelekea mdogo si kawaida sana, bibi akisikia atacheka, lakini kosa halikuangalia umri.

Mimi sitapanda nawe mwaka huu. Labda mwakani, tutaona. Utakwenda peke yako kama mwenye kwao, utapokea nyama ya baba yako, utapalilia kaburi kabla wageni hawajaja.

Na wadogo zako, watoto wa Anko, nao hawatakuwepo hapa. Wanakwenda Dar kwa mama yao. Nilivyokuwa nimejifungia na huzuni yangu sikuwahi kuwaza kwamba na wao mwaka jana walikuwa wamevaa kitenge changu huku mama yao yuko hai, anawasubiri. Watasafiri raha mustarehe: wiki hiyo dunia nzima inapanda Kilimanjaro, na mabasi yanarudi Dar viti vitupu. Yule mdogo anang'ang'ania treni, tangu aambiwe kwamba ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya kimya cha zaidi ya miaka 20. Anadhani ilirudi kwa ajili yake.

Kwa hiyo tarehe 25 nyumba hii itakuwa na mimi na Anko na redio. Tumekubali. Sikukuu yetu sote ni tarehe 28.

Unakumbuka tarehe 28 ya mwaka jana? Tulikuwa tumerudi kutoka Usangi, umeme umekatika tangu asubuhi, na kwenye friji kuna sufuria la makande aliyotufungashia mama mkwe. Mimi nami nilikuwa nimekupikia mtori, kwa kujipendekeza, nisifiche. Mkaa ulikuwa wa jiko moja tu. Nikauliza kwa sauti, tupashe kipi kwanza, cha Wachagga au cha Wapare? Anko akasema kesi hiyo iende mahakamani, yuko tayari kuuza ng'ombe mpaka kieleweke. Wewe hukucheka. Ndipo yule mdogo, aliyechoshwa na njaa na watu wazima, akabeba makande akayamwaga yote ndani ya mtori.

Kimya. Mahindi yanazama kwenye ndizi moja moja, plop, plop. Ukachukua mwiko, ukakoroga, mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria. Ukasema, "Hili zege. Leteni matofali."

Kaka yake alicheka mpaka akakaa chini. Anko naye. Na wewe, mwanangu, ulicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Tukala gizani kwenye sufuria lilelile, kwa vijiko, magoti yanagongana, na yule mdogo akakipa chakula chake jina: Mtokande. Ladha yake, kusema ukweli, ni mbaya. Nimejaribu mara mbili kuirekebisha, nikaongeza nyama, nikapunguza mahindi, watoto wamekataa katakata. Wanataka zege.

Basi ndiyo hiyo sikukuu. Nilihangaika na kitenge na fundi, kumbe ilikuwa inangoja umeme ukatike. Mwaka huu hata ukiwepo tutazima taa. Wadogo zako watarudi tarehe 27 na nazi kutoka kwa mama yao, ameahidi mwenyewe kwenye simu. Anko atafuata mahindi na maharage Usangi. Na usihangaike na jina la kumwita, "Anko" inamtosha, ameniambia.

Lako ni moja. Ukishuka Marangu mwombe bibi mkungu wa mshare, ukate mwenyewe kwenye migomba ya baba yako. Usikubali wa kununua Himo. Konda akidai nauli ya mkungu, mpe, usibishane. Na siku hiyo vaa lile shati la kitenge la mwaka jana. Utomvu wa ndizi hautoki kwenye nguo, najua, na ukiliharibu sitasema neno.

Mama yako