Umeniuliza serikali inafungwaje

Silver Spring, Maryland
Jumapili, 16 Novemba 2025

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na Mungu akulipe kwa dawa za mama. Nimesikia ulikwenda mwenyewe duka la dawa, ukamwambia muuzaji aandike kwenye daftari kwa jina lako. Mama alininyamazia wiki tatu nzima. Jana ndiyo akapitiwa, maneno yakamtoka.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale unaposema, "Serikali inafungwaje, kwani duka la Mangi?" Mara ya pili nikasikia swali ulilolimeza kwa heshima: mbona tangu Oktoba sijatuma kitu. Basi leo nakujibu yote mawili, kwa sababu jibu lake ni moja: serikali ya hapa Marekani ilifungwa siku 43, na kazi yangu nayo ikasimama.

Jumanne ya Septemba 30 niliingia zamu ya jioni kama kawaida. Ghorofa ya ofisi za serikali ninayosafisha nikakuta wenye ofisi wanatoa vyakula kwenye friji. Mmoja alinipa ndizi nne na kopo la mtindi, mwingine akaniomba nimwagilie mmea wake dirishani iwapo nitakuwepo. Nikamwambia, mama, mimi pia sitakuwepo. Walikuwa wanaweka ujumbe kwenye kompyuta kwamba hawapo kazini na hawaruhusiwi kujibu mtu. Na kweli hawaruhusiwi! Kuna sheria ya zamani, ya mwaka 1884, inayokataza ofisi ya serikali kutumia hela ambayo Bunge halijaidhinisha, na hata kupokea kazi ya kujitolea. Mtu akifungua barua pepe ya kazi akiwa kwake sebuleni, amekosea. Usiku ule nilibeba mifuko ya taka mara mbili ya siku zote, msimamizi wetu akasema tutapigiana simu. Simu yenyewe imelia Alhamisi hii.

Sasa inafungwaje. Mwaka wa fedha wa hapa unaanza Oktoba 1, si Julai kama kwetu Tanzania. Kufikia siku hiyo Bunge lao, Congress, linatakiwa liwe limepitisha miswada 12 ya matumizi. Kumaliza yote kwa wakati walimaliza mara ya mwisho miaka ya 1990, kwa hiyo wanachoshona kila mwaka ni kiraka: tuendelee na matumizi ya mwaka jana mpaka tarehe fulani, halafu tutaonana. Zamani hata kiraka kikichelewa ofisi ziliendelea tu, hela si itakuja. Mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu wa Rais Carter, Benjamin Civiletti, akaisoma ile sheria ya 1884 neno kwa neno, akasema hakuna hela hakuna kazi, na mwaka uliofuata akafafanua kwamba wanaobaki ni wale wa kulinda uhai na mali. Wewe mwalimu unamjua mtu wa namna hiyo, ni yule mkaguzi wa shule anayepima upana wa pambizo la andalio la somo. Yametokea hapo yote haya: siku 21 wakati wa Clinton, 16 wakati wa Obama, 35 wakati wa Trump wa kwanza, na sasa 43, ambazo hazijawahi kufikiwa.

Kwetu Bunge likikataa bajeti, Katiba ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja, wote warudi majimboni kuomba kura. Nani Dodoma anataka hiyo? Hapa hakuna wa kumvunja mwenzake. Rais amechaguliwa kivyake, maseneta kivyao, Baraza la Wawakilishi kivyake (si la Chukwani kule Zanzibar, usichanganye), na mmoja akinuna wote wanakaa wanatazamana.

Safari hii aliyenuna nani, inategemea unamuuliza nani. Warepublican, chama cha Trump, wana Ikulu, wana Wawakilishi, wana maseneta 53 kati ya 100. Lakini Seneti ina kanuni kwamba mswada wa namna hii unahitaji kura 60, kwa hiyo bila Wademocrat kadhaa, wale wapinzani wao, hakipiti kitu. Wademocrat wakasema hatutoi kura mpaka mrefushe ile nyongeza ya ruzuku ya bima ya afya (ya Obamacare, sheria ya wakati wa Obama), nyongeza inayokwisha Desemba 31. Warepublican wakasema fungueni serikali kwanza, bima tutaongea baadaye. Kiongozi wa Wademocrat kwenye Seneti, Chuck Schumer, mwezi Machi alikubali kiraka bila masharti, watu wa chama chake nusura wamle nyama. Oktoba asingethubutu. Kiraka kile kile kikapelekwa Seneti, kikaanguka mara 14. Spika wa Wawakilishi, Mike Johnson, akawarudisha watu wake makwao, hawakukutana kupiga kura tangu Septemba 19 mpaka Novemba 12. Kuna mama amechaguliwa Arizona Septemba 23, Adelita Grijalva, amekaa wiki saba bila kuapishwa.

Nikwambie kweli, hoja ya bima naiunga mkono. Mimi mwenyewe bima yangu ni hiyo hiyo ya ruzuku. Ndiyo inayouma: waliokuwa wananipigania ndio walioshikilia mlango nisiingie kazini, na waliotaka niingie kazini ndio wanaotaka bima yangu ipande. Usiku mwingine nilikuwa nawalaani wote kwa zamu, ili pasiwe na upendeleo.

Neno "imefungwa" nalo linadanganya. Watumishi kama laki sita na nusu walirudishwa nyumbani, lakini wengine zaidi ya hao waliendelea kwenda kazini bila mshahara. Jirani yangu wa chini, mama wa Sierra Leone, anakagua mizigo uwanja wa ndege. Kila alfajiri nilimsikia akiwasha gari saa kumi, anakwenda kufanya kazi ambayo hajui atalipwa lini, petroli anakopa. Ule ulikuwa mfungo usio na daku wala futari. Waongoza ndege nao wakaanza kupungua kazini, mpaka Novemba 7 serikali ikaamuru safari zipunguzwe kwenye viwanja 40. Hapo ndipo wakubwa walipoanza kukohoa. Mwaka 2019 ilikuwa hivyo hivyo: ndege zilipochelewa New York, mambo yakaisha siku ile ile. Tajiri akikwama uwanja wa ndege, serikali inafunguka.

Makumbusho yalifungwa Oktoba 12, pamoja na bustani ya wanyama. Wanyama walilishwa, usijali, ila ile kamera ya kuwaangalia panda mtandaoni ilizimwa. Na katika wiki hizo hizo matingatinga yalikuwa yanabomoa upande wa mashariki wa Ikulu kujenga ukumbi wa dansi. Hela ya wafadhili, walisema, si ya bajeti, kwa hiyo haikufungwa. Mfadhili mwingine alitoa dola milioni 130 za kulipa wanajeshi, watu wakapiga makofi. Gawa uone, ni kama dola 100 kwa kila askari.

Novemba ilipoingia ikawa zamu ya chakula. Kuna kadi ya serikali inaitwa SNAP, watu wapatao milioni 42 wanainunulia chakula, na haikuwa imewahi kukosa hela kwa sababu kama hii. Mahakimu wakaamuru ilipwe, serikali ikakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu, huku watu wanasukuma kadi kwenye mashine inakataa. Jumamosi ile nilipanga foleni ya kanisa moja hapa mtaani. Mbele yangu kijana amevaa kitambulisho chake cha kazi shingoni, nadhani alisahau kukivua, au hakutaka aonekane hana kazi. Tulipewa sanduku moja moja: karoti, maharage ya kopo, mchele kilo moja, na kopo la boga lililosagwa. Boga la kopo, shoga yangu. Nilipika kwa nazi likala watu watatu.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Wewe unayajua malimbikizo kuliko mtu yeyote, umeyadai miaka. Wenzangu wale wa friji, pamoja na mama wa Sierra Leone, wana sheria ya 2019 inayosema watalipwa malimbikizo yao yote serikali ikifunguka. Walitishwa katikati kwamba huenda wasilipwe, wengine wakaandikiwa barua za kupunguzwa kazi, lakini sheria iliyosainiwa Jumatano imezifuta zile barua na kuthibitisha malipo. Mimi si mtumishi wa serikali. Mimi nimeajiriwa na kampuni yenye tenda ya usafi, na kampuni inalipwa kwa siku iliyosafishwa. Siku 43 hazikusafishwa. Sina malimbikizo, sina wa kumdai, hata fomu ya kujaza haipo. Msimamizi alisema pole, akatuambia Ijumaa tuje na viatu visivyoteleza.

Ilivyokwisha yenyewe ni hivi: Jumapili iliyopita maseneta wanane wa upande wa Wademocrat wakavuka, kura zikafika 60, na hakuna hata mmoja wao atakayegombea mwakani. Walichopewa kwa ajili ya bima ni ahadi ya kupiga kura Desemba. Kupiga, sikusema kushinda. Wawakilishi wakapitisha 222 kwa 209. Na humo humo ndani kumechomekwa kifungu kwamba seneta ambaye rekodi zake za simu zilichukuliwa bila kuarifiwa anaweza kuishtaki serikali akalipwa dola 500,000. Nilisoma mara mbili nikidhani Kiingereza changu kimepotea.

Utauliza nimeishije. Fedha ya wasio na kazi niliomba, ikachelewa, ikaja kidogo. Maandazi na sambusa nimechoma za kuuza, mpaka pazia la jikoni linanuka iliki. Lakini hasa ni upatu. Zamu yangu ilikuwa Desemba. Wanawake wenzangu walikaa kwenye simu usiku mmoja, aliyekuwa na Oktoba akasema nipeni mimi Desemba, huyu achukue sasa. Kodi ya nyumba ikalipwa. Hiyo Desemba nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya bati za mama, ndiyo hivyo tena.

Kidogo nilichookoa nilitaka kukutumia Oktoba 29, nikijua mama amebakiwa na vidonge vichache. Ndiyo siku mtandao ulipozimwa kwenu. Siku zote zile sikupata sauti ya mtu, si yako si ya mama, nikawa nakaa na simu mkononi mpaka asubuhi. Mtandao uliporudi, hela ile ilishakwenda kwenye umeme. Usidhani nilisahau.

Mshahara wa kwanza naupata Novemba 28. Siku hiyo hiyo nakutumia deni la duka la dawa, na ya ziada. Naomba umwambie muuzaji akupe dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, si za mwezi mmoja, na uziweke kwako, maana mama atazigawa kwa majirani. Kiraka walichoshona safari hii kinafika Januari 30 tu.

Nisalimie watoto, na wale wa darasa la saba.

Ni mimi, shoga yako wa dawati moja.