Madrasa zetu ziwe na nafasi kwa mtoto wa nukta na mtoto wa maswali

Mhariri,

Mwanangu wa kiume ana miaka tisa na huu ni mwaka wake wa tatu kwenye darasa la alifu. Alioanza nao wamo katika Juzuu Amma, ya mwisho katika juzuu 30 za Qurani. Yeye yungali kwa ba, ta na tha. Herufi hizo zina umbo moja kama kidau, zinatofautiana kwa nukta tu, na nukta kwake hazitulii: leo ameiona chini, kesho ameiona juu.

Lakini msomee aya mara tatu nne, atakurudishia neno kwa neno, na pale maalimu anapovuta sauti naye anavuta. Jioni moja nikisukuma chapati nilimsikia akisoma Surat Naba yote, aya 40, aliyoidaka kwa dada yake. Nilipomweleza maalimu alinijibu: “Mama, huyo ni kasuku, anaiga tu. Kwanza ajue herufi.” Na herufi ikikosewa, kiboko.

Simchukii maalimu. Yuko peke yake na watoto wasiopungua 60 katika chumba kimoja hapa Majengo, na malipo yake hutegemea wazazi tumekumbuka ada au la. Hakuna aliyewahi kumfunza kumtambua mtoto kama wangu. Hata hivyo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza kumchapa mwanafunzi, na sioni kwa nini mtoto alindwe asubuhi shuleni, alasiri akivaa kanzu ulinzi huo uishie mlangoni.

Dada yake, wa miaka 11, yamemkuta mengine. Amehifadhi juzuu sita na anataka kujua maana ya anachosoma, na kwa nini neno hili limekuja hapa na si pale. Huambiwa anyamaze asiwachanganye wenzake. Zawadi yake ya kuwa mwepesi ni kukabidhiwa kijiti na kuwekwa awasomeshe wadogo, Jumamosi hadi Jumamosi. Siku za mashindano anapandishwa jukwaani, watu wanasema mashaallah, kisha anarudi kwenye kijiti chake. Siku hizi akisikia adhana ya alasiri anaumwa na tumbo. (Mimi pia nilikuwa na tumbo hilo nikiwa mdogo, kwa hiyo nalijua.)

Walimu wetu ndio waliotufunza Surat Abasa, jinsi Mtume alivyokumbushwa na Mwenyezi Mungu asimpe kisogo kipofu Ibn Ummi Maktum aliyekuja akitaka kufundishwa, na kwamba kipofu huyo baadaye alikuwa akiadhini Madina. Kisa hicho tunakisoma kwa machozi. Madrasa yetu iko orofa ya pili, ngazi nyembamba, na mtoto wa jirani anayetembea kwa magongo hajawahi kuipanda.

Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iko papo hapo Kasarani tangu 1986. Kazi yake ni kufunza walimu na kuwapima watoto. Ni safari ya matatu tu. Mwanangu nilimpeleka kupimwa, na ushauri niliorudi nao nyumbani haukuhitaji hata senti: nimtenganishie nukta, azishike kwa mkono. Basi huchora kile kidau kwenye sahani, nukta zikawa punje za maharagwe, naye anazihamisha kwa kidole. Wiki ya pili ba na ta zilikaa. Tha bado inatusumbua.

Mwezi jana kamati ya msikiti ilituchangisha zulia. Nilitoa, na zulia ni zuri. Sasa naiomba kamati hiyohiyo ichangishe nauli na karo ya maalimu mmoja akasomee kazi hii, na itafute chumba cha chini, hata kiwe ni stoo ya majamvi. Mimi naanza na shilingi 500. Sahani na maharagwe pia nitaleta.

Mzazi,
Majengo, Nairobi